Sayba ya ghorofa ya pili River Road: kama unaandika na huna laptopu, anzia hapa

Watu kama watano wameniuliza hii wiki mi huandikia wapi siku hizi na laptopu yangu ilikufa kitambo, basi wacha niseme yote mara moja ndio nisirudie rudie. Ni sayba. Iko River Road, ghorofa ya pili, na nimekuwa kastoma pale tangu Februari 2023, kwa hivyo haya sio maneno ya mtu aliingia mara moja akaprinti cheti cha KRA akatoka. Nyota naipatia nne na nusu. Ile nusu imetolewa na vitu vichache nitavitaja, lakini kwanza mjue kwa nini naipenda.

Kufika ni rahisi. Mathree ya Kayole ikikuacha Muthurwa unavuka pale OTC, unashika River Road ukielekea upande wa Latema, unatembea mpaka uone duka la mabegi makubwa ya safari yamepangwa nje hadi yanaziba njia, na kando yake kuna jamaa anauza muziki, spika iko mlangoni. Katikati ya hao wawili kuna mlango mwembamba wa ngazi. Jina haina. Kuna karatasi imelaminetiwa ikabandikwa ukutani na kazi wanazofanya, kutaipu, kuprinti, skani, kubaindi, huduma za serikali za eCitizen, mikopo ya wanafunzi ya HELB, programu za mazishi, halafu mshale unaonyesha juu. Ngazi ni giza hata mchana, simu weka ndani kabisa sio mfuko wa nyuma, hiyo nakuambia kama dadako.

Bei sasa. Mashine ni bob moja kwa dakika kama sayba zingine zote za chini tao, lakini ukiingia kabla ya saa nne asubuhi unalipa bob arobaini saa nzima, na ukimwelezea anti wa kaunta kwamba unakuja kuandika, sio kuangalia matokeo ya mpira, mnaweza kuelewana ulipe soo mbili ukae hadi saa kumi jioni. Mi ndio hulipa hivyo. Kuprinti nyeusi ni bob tano ukurasa, zikipita mia anapunguza hadi tatu, kubaindi na spairo ni soo, kutaipiwa kitu umeandika kwa mkono ni bob thelathini ukurasa. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa kurasa 214 na nilitoka na nakala imebaindiwa kwa chini ya mia nane, mtu mwingine kule juu ya Moi Avenue alikuwa ameniitisha elfu mbili na mia tano kwa kazi hiyo hiyo, kwa karatasi hiyo hiyo.

Nikuelezee pesa zangu ndio uone mbona nahesabu bob tano tano. Nilikuja Nairobi kutoka Kitale mwisho wa 2021 na digrii ya ualimu, Kiswahili na historia, na daftari mbili za hadithi. Nyumba ni singo rum Kayole, 4,500 kwa mwezi, maji unanunua mtungi. Mwaka wa kwanza nilikuwa naandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, wengi wenu mnaijua hiyo kazi, akaunti ya kupokelea hizo kazi mtandaoni sio yako, ni ya mtu, yeye analipwa kwa dola na wewe anakutumia shilingi mia tatu kwa ukurasa akikumbuka. Nilikaa usiku mzima nikiandika juu ya sheria za uuguzi za nchi sijawahi kanyaga. Halafu ChatGPT ikatoka Novemba 2022 na kazi zikaanza kupungua kila mwezi, na mwenye akaunti akapotea na pesa zangu za wiki sita, namba imezimwa mpaka leo. Laptopu nayo ikafuata, fundi wa Luthuli akasema bodi imeungua, elfu tisa. Sikuwa na elfu tisa. Nilikuwa na daftari zangu na simu yenye skrini imepasuka, na kuandika riwaya kwa simu mi siwezi, nimejaribu, unaona sentensi tatu tu kwa wakati mmoja na huwezi kujua hadithi inaenda wapi.

Nilijaribu mahali pengine kabla ya hapo. Nyumba za kahawa za tao ni safi na viti ni vizuri, lakini kikombe ni mia tatu hamsini na baada ya saa moja weita anakuja kupangusa meza ambayo tayari ameipangusa, unaelewa. Maktaba ya McMillan pale Banda Street karibu na Msikiti wa Jamia naipenda sana na bado naenda, zile nguzo na wale simba wa mlangoni, na kila nikipita hapo nakumbuka kwamba ilifunguliwa 1931 na Waafrika wakakaa nje mpaka 1958, kwa hivyo mimi kukaa ndani na daftari langu sio kitu kidogo, babu yangu angekuja Nairobi akiwa na umri wangu asingepita ule mlango. Pale ndio niliandika daftari la tatu lote kwa mkono. Lakini daftari halitumwi kwa mhariri. Mwishowe lazima maneno yaingie kwa kompyuta na hapo ndio unahitaji sayba.

Mashine ziko nane. Sio mpya. Yangu ni nambari sita, ile karibu na dirisha, kibodi yake herufi zote zinaonekana na kiti hakiyumbi. Nambari tatu iache kabisa, herufi ya A imefutika na pia haishiki mpaka uifinye kwa nguvu, na wewe jaribu kuandika Kiswahili bila A uone kama utamaliza hata mstari mmoja. Siku ya kwanza nilipofungua faili skrini yote ikajaa mistari myekundu, kila neno, juu mashine inadhani Kiswahili ni Kizungu kimeharibika, na mengine ilikuwa inayabadilisha yenyewe. Nilikuwa karibu kulia, sijui venye nitaelezea, umetoka mbali na maneno yako halafu kitu cha kwanza unaambiwa ni kwamba yote ni makosa. Anti akaja bila kuitwa, akafinya finya, mistari yote ikaenda. Akabandika kaselotepu juu ya skrini akaandika na kalamu: KISWAHILI, USIGUSE. Iko hapo mpaka leo. Watu wakikaa nambari sita wanaisoma na hawabadilishi kitu.

Wacha nimweleze huyu anti juu yeye ndio sayba. Ni mama wa miaka kama hamsini, mtu wa Taveta, alisomea usekretari enzi za tapureta na anataipu bila kuangalia vidole wala skrini, anaangalia karatasi yako tu na mdomo unatembea polepole. Kwa kaunta ana Taifa Leo ya siku hiyo na chupa ya chai. Nilimpatia daftari la kwanza ataipu juu nilikuwa nataka kuokoa wakati, kurasa arobaini na mbili. Nilirudi jioni kuchukua, nikalipa, akanipa flashi yangu halafu akaniambia, mwanangu, kuna kitu sijaelewa. Huyu mama wa Matisi ana watoto watatu pale mwanzo, mbona kwa mazishi wamesimama wanne?

Nikafungua daftari. Ni kweli.

Akasema na pia huyo kijana mkubwa, ukurasa wa kumi ana hasira na babake, ukurasa wa thelathini amemsamehe, mimi nimetaipu zote sijaona mahali amemsamehe, imeanguka mahali ama hukuandika? Sikuwa nimeandika. Miaka miwili nilikuwa natafuta mtu wa kunisomea, nimetuma sura za kwanza kwa watu ambao wanajua fasihi kuniliko, wengine walijibu hongera endelea hivyo, wengine kimya, na mtu wa kwanza kusoma kitu changu neno kwa neno mpaka mwisho alikuwa anakilipisha bob thelathini ukurasa. Sasa mi humpatia kila sura. Nikitaipu mwenyewe bado namprintia, anasoma wakati hakuna kastoma, na anaweka alama ndogo ya penseli pembeni pale ambapo alisimama. Hasemi kwa nini amesimama. Hiyo kazi ananiachia.

Hii haiko kwa bei yoyote ukutani na sisemi kila mtu atafanyiwa hivyo, sijui. Nasema nilichopata.

Sasa kitu kikubwa kabisa, na hiki ndio sababu naandika ndefu hivi. Kwa ile karatasi ya ngazi umeona imeandikwa programu za mazishi. Hiyo ndio kazi inaleta pesa mingi pale. Wanakuja kuanzia Jumanne, komiti ya mazishi imekaa hotelini jana, mwili unatoka Alhamisi jioni ama Ijumaa asubuhi, wanataka vijitabu mia, mia mbili, picha ya marehemu mbele, ratiba, nyimbo, na katikati wasifu. Na wasifu ndio huwa shida. Watu wanakuja na karatasi ya ekseasaizi imeandikwa alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaoa, akajaliwa watoto, akaugua, akalala. Mistari kumi. Mtu ameishi miaka sabini na mistari inakwisha kabla hujageuza ukurasa.

Agosti 2023 aliingia mama mmoja na kijana wake, Jumatano, walikuwa wanasafirisha mwili Mwingi Ijumaa. Mzee alikuwa fundi wa viatu Gikomba zaidi ya miaka thelathini. Picha hawakuwa nayo, kitambulisho tu, anti akaskani hiyo akaikuza na kuisafisha polepole mpaka uso ukatoka. Alipofika kwa wasifu akanyamaza kidogo halafu akageuka huko nyuma akaita, mwandishi, hebu kuja. Akamwambia yule mama, huyu anaandika vitabu, ongea na yeye, atakuandikia vizuri. Mi nilikuwa na deni la siku nne hapo kwa kaunta na hakuna kitabu changu kimewahi kutoka. Lakini alisema hivyo mbele ya watu na hakuonekana kama ananisaidia, alionekana kama anataja kazi yangu.

Tulikaa na yule mama kwa benchi ya kungojea. Sikujua niulize nini nikauliza kile ningeuliza kama ni mhusika wangu, nikamwambia mama, mzee alikuwa anakasirishwa na nini? Akaniangalia. Halafu akacheka, kijana naye akacheka, wakasema kwa pamoja, watu wasiorudi kuchukua viatu! Wakaanza sasa. Venye alikuwa anaweka viatu vya watu kwa gunia, kila pea na kikaratasi chenye tarehe, hauzi mpaka mwaka uishe, mkewe anamwambia uza tupate unga anakataa. Na venye kuna mtu alirudi baada ya miaka miwili, alikuwa amelazwa muda mrefu, viatu vilikuwa vimeshauzwa, na mzee akamlipa. Akamlipa pesa ya viatu vyote, sio ya kushona. Mama akasema sikuongea na yeye wiki nzima, halafu machozi.

Niliandika hapo hapo kwa nambari sita, kama dakika arobaini, ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili juu mama ni Mluhya na mzee alikuwa Mkamba na watoto wamekulia Majengo, hiyo ndio lugha ya nyumba yao. Gunia la viatu niliweka katikati. Kijana alisoma kwa sauti akafika kwa gunia akashindwa kuendelea, anti akamalizia. Walinipatia mia tano. Wiki moja baadaye mama alipiga simu kwa sayba, sio kwangu, namba yangu hakuwa nayo, akaomba anti anieleze kwamba waliposoma pale kaburini mzee mmoja alisimama akasema mimi nilishonewa viatu na huyu mtu na nilichelewa miezi minane nikavipata.

Tangu hapo ni kazi. Wiki nzuri napata wasifu tatu, mia tano, mia saba, familia ikiwa na uwezo elfu moja. Anti hachukui hata shilingi kwa hiyo, nimejaribu kumpa amekataa, anasema yeye analipwa kwa kuprinti. Nyumba nailipa na hiyo pesa. Na kuandika kwangu kumebadilika na lazima niliseme hilo kwa mtu yeyote anayeandika. Wasifu unasomwa kwa sauti na mtu aliyefiwa, amesimama kwa jua, wakati mwingine bila maikrofoni. Sentensi ikiwa ndefu pumzi inamkata na akishakatika anaanza kulia na hamalizi. Kwa hivyo unaandika ukifikiria kifua cha mtu mwingine. Na neno kama mcheshi, mkarimu, mchapakazi, halisaidii mtu yeyote hapo, kila maiti ni mkarimu, lakini ukisema alikuwa anaweka kikaratasi cha tarehe kwa kila pea ya viatu watu mia mbili wanamwona. Miaka minne ya chuo nilisoma nadharia za fasihi na nashukuru, lakini hiki nilijifunza kwa benchi ya kungojea ya sayba. Nilirudi kwa mswada nikatoa kurasa karibu sitini.

Kuna siku ni ngumu pia, nisidanganye. Kuna mama alikuja na cheti cha mtoto wa miaka ishirini na mbili, alikuwa makanga. Hakukuwa na mengi ya kuweka, hakuoa, hakujenga, na mama alikuwa anauliza sasa tutajaza nini. Tuliandika juu ya venye alikuwa anampigia kila asubuhi kabla ya gari kutoka, saa kumi na moja, amuulize kama ameamka. Nilienda nyumbani mapema hiyo siku na anti hakunilipisha.

Kuhusu mswada wenyewe, kama unafikiria kutuma wako. Anti anajua taratibu kuliko watu wengi wenye suti. ISBN zinatoka kwa huduma ya maktaba ya kitaifa, alinionyesha. Wanamuziki wa hapo River Road yeye ndio huwajazia mambo ya KECOBO, wale wa hakimiliki, kwa mtandao, basi nilipoogopa kazi yangu kuibiwa akanielezea venye wao hufanya. Tulituma pamoja, yeye akigeuza faili kuwa pidiefu na mimi nikisoma masharti mara tatu, kwa ile Tuzo ya Safal Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati Cornell, hiyo huchukua hata miswada ambayo haijachapishwa na ni ya Kiswahili peke yake, kwa hivyo kwa mtu kama mimi ni mlango wa kweli. Sikufika kwa orodha. Nitatuma tena. Wachapishaji wa hapa wengi wanaishi kwa vitabu vya shule na siwalaumu, kitabu kinatozwa VAT asilimia 16 tangu 2013 na mzazi akiwa na mia tano atanunua cha darasani kwanza, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini hiyo inamaanisha riwaya ya mtu hajulikani inangoja muda mrefu, na kungoja kunataka mahali pa kungojea ambapo unaendelea kuandika na unakula.

Kula, nisisahau: ndani hairuhusiwi, kabisa, hata njugu. Shuka chini, mlango wa tatu kuna kibanda, chapo madondo ya bei ya kawaida na chai ya maziwa kweli. Anti atakulindia mashine dakika ishirini bila kuhesabu.

Ile nusu nyota. Choo kimefungwa na ufunguo uko ghorofa ya nne kwa mtu ambaye wakati mwingine hayuko, na ni bob kumi. Kwa mwanamke anayekaa saa saba hiyo ni shida kubwa na nimewaambia. Kelele ni nyingi, yule wa muziki chini anaanza saa tatu na haachi, nimezoea lakini ukitaka kimya hapa si mahali pako. Kijana wa zamu ya mchana, wakati anti ameenda benki, hana subira na wazee, nimesikia akimwambia mzee wa watu aliyesahau nywila ya eCitizen maneno sikupenda, anti aliporudi nikamwambia na akamkemea, lakini ilitokea. Flashi za watu zina virusi, ile ya kugeuza mafolda yako yote kuwa vishale vya shortcut, usichomeke yako bila anti kuiskani kwanza na pia jitumie kazi kwa imeli kila siku, kila siku jamani. Na stima. Ikipotea, mashine zingine zina UPS na inakupa dakika tano za kusevu, ya nambari nne imekufa. Nilikaa nambari nne siku moja juu yangu ilikuwa na mtu na nikapoteza kurasa kumi na moja. Sikuweza kuziandika tena vile zilikuwa. Hilo lilikuwa kosa la mashine na wangekuwa wamebandika karatasi ya onyo, sasa wamebandika.

Lakini pia niweke hii kwa mizani. Tarehe 25 Juni 2024, siku vijana waliandamana wakaingia Bunge, nilikuwa hapo ndani. Tulikuwa watu tisa. Maduka ya chini yalianza kufunga kwa haraka, tukasikia milipuko, moshi ukaingia na dirisha langu likiwa wazi. Kitu cha kwanza anti alifanya, kabla ya kufunga mlango wa chuma, alisimama katikati akasema kila mtu asevu, sasa hivi, akapita mashine moja baada ya nyingine na flashi yake mwenyewe akachukua nakala za kila mtu, barua za kazi, fomu za HELB, sura yangu ya kumi na mbili. Halafu ndio akafunga. Akalowesha leso zake za kufuta skrini na maji ya chupa akatugawia tufunike pua. Tulitoka saa mbili usiku, wawili wawili. Kesho yake hakukufunguliwa na keshokutwa nilipoenda, kazi zetu zote zilikuwa kwa mashine ya kaunta, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe.

Basi, kama unaandika na huna laptopu, ama unayo na nyumbani stima ni ya kuotea, nenda. Wanafungua saa mbili kamili, Jumamosi saa tatu, Jumapili hapana. Asubuhi za Jumatatu ni nzuri zaidi juu watu wa mazishi hawajaanza kuja. Nambari tano na nambari saba ni sawa, nambari nane mausi ni nzito. Mi sasa niko ukurasa wa 171 wa rasimu ya tatu, na anti ana sura mbili za mwisho kwa droo, aliniambia nipitie Ijumaa nione alama za penseli. Ukienda mwambie umetumwa na yule wa nambari sita, na kama una karatasi za mkono zipige namba zote kabla hujampatia, juu anaanza kutaipu pale pale na hapendi kabisa kurudi nyuma kutafuta ukurasa.